Tupeane uzoefu: Tovuti ya kitu unachokipenda imezuiwa ofisini kama tovuti chafu

Mfuga_Kuchi
Wadau, habari za mchana. Chakula kimenishinda. Nafuga kuku aina ya Kuchi, wale warefu wa shingo juu, na kuna tovuti ya Kiingereza ya wafugaji wa majogoo ambayo huwa naipitia saa ya mapumziko. Leo nimeingia nikakuta ukurasa mwekundu: "Umezuiwa. Kundi: Ponografia." Chini yake jina langu kamili. Kosa la tovuti ni kuwa na neno la Kiingereza la jogoo kwenye anwani yake, na neno hilo lina maana nyingine mnayoijua. Nyuma yangu alikuwa amesimama binti wa mafunzo kwa vitendo, anasubiri nimsainie daftari lake. Ameona. Akaondoka bila saini. Aliyewahi kukutwa na hili, ulijinasua vipi?

Chausiku77
Yamenikuta. Pole sana mkuu.

Nyuzi_na_Ndoano
Mimi niko Nairobi, nafuma vitambaa kwa ile sindano yenye ndoano. Wafumaji wa Ulaya na Marekani wanajiita kwa utani kwa jina la hiyo ndoano, na kwa Kiingereza jina hilo ni la kahaba. Basi tovuti yetu ya michoro ikafungwa tangu mwezi wa pili. Nilikuwa safu ya 14 ya kitambaa cha meza cha harusi ya shemeji yangu, mchoro umebaki humo ndani. Harusi imepita.

Bosi_Mstaafu
Samahani vijana, lakini ofisini mnalipwa mfanye kazi. Kuku na vitambaa ni vya nyumbani.

Mfuga_Kuchi
Nimesema saa ya chakula, mzee wangu.

Bosi_Mstaafu
Intaneti ni ya mwajiri hata saa ya chakula.

Chausiku77
Na mechi zinazotazamwa pale mapokezi kila wikiendi ya watani wa jadi, zenyewe ni za nani?

Bosi_Mstaafu
Mimi sikuruhusu mechi enzi zangu. Waulize niliowaongoza.

Ndege_wa_Pwani
Nimeisoma hii nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo changu. Ngoja niandike, maana sijawahi kuisema yote.

Mimi natazama ndege. Kuna kisiwa kidogo kinaitwa Fungu Kizimkazi, kusini mashariki mwa Unguja, mbali huko bahari kuu. Hakina mti hata mmoja. Wanazaliana pale ndege wa baharini wengi ajabu, na mmoja wao ni mkubwa, mweupe, uso mweusi kama amevaa barakoa. Kwa Kiingereza anaitwa "masked booby". Jina linatokana na neno la Kihispania la mjinga, kwa sababu alikuwa akitua melini bila woga na mabaharia wakamkamata kwa mkono. Sasa Waingereza neno hilo hilo wanaliitia matiti. Mwezi huo nilikuwa najiandaa kwenda kumwona, nimeshaongea na wenye boti, kwa hiyo kila mchana nikawa namtafuta. Nikaongezea na kandege kadogo ka huku kwetu kaskazini, "red-throated tit". Mnaona wenyewe.

Ijumaa saa nne nikaitwa utumishi. Nikamkuta dada wa HR, mkuu wangu wa idara na kijana wa IT. Mezani karatasi nne, mistari imepakwa rangi ya njano. "Majaribio 61 ya kufungua tovuti za ngono ndani ya mwezi mmoja." Yule dada alishindwa kuniangalia usoni, alikuwa anaangalia kalamu yake. Mkuu wangu, mtu tunayesali naye jumuiya moja, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, kama una tatizo sema, tukusaidie." Mdomo ulinikauka. Nikatoa simu, vidole vinatetemeka, nikamfungua yule ndege amelalia mayai yake mawili juu ya mchanga mweupe. Nikaiweka simu juu ya karatasi zao. Pakawa kimya, feni tu inazunguka. Kijana wa IT ndiye aliyeelewa kwanza, akashika kichwa.

Waliniomba radhi kwa mdomo. Lakini barua ya kunitaka nijieleze ilikuwa imeshapita masjala, na masjala hakuna siri. Jumatatu nilipoingia kantini meza nzima ikanyamaza. Mke wangu alizipata sokoni kabla sijamwambia, maana mke wa dereva wetu anauza khanga karibu na genge analonunua mboga. Siku tatu alinipakulia chakula bila neno. Nilimwonyesha picha za ndege wote nilionao, mmoja mmoja, mpaka akalia. Fungu Kizimkazi sikwenda.

Chausiku77
Jamani. Na barua ilitolewa kwenye faili?

Ndege_wa_Pwani
Ipo mpaka leo. Mwaka wa pili huu.

Mjuba_wa_Kigamboni
Wekeni VPN, ile programu ya kuficha unachofungua, mpumzike.

Waya_Mwekundu
Usimpotoshe mtu! Mimi ni wa IT. VPN ikionekana kwenye ripoti, hapo ndipo unaonekana una la kuficha. Kuna jirani yangu alipewa onyo la mwisho kwa sababu ya VPN, na alichokuwa anafungua ni mapishi.

Mjue kinachotokea. Anayeuza kichujio, yaani programu inayozuia tovuti ofisini, ana orodha kubwa ya tovuti, kila moja imepangiwa kundi lake. Tovuti ndogo, kama za kuku na ndege, mara nyingi hakuna binadamu aliyezipitia. Zinapangwa na mashine kwa maneno yaliyomo. Na kama kifaa cha ofisi hakifungui usimbaji, yaani ile siri inayofunika data njiani, kinachoonekana ni jina la tovuti tu, si ukurasa uliosoma. Jina likiwa na neno baya, umekwisha. Wauzaji wengi wana fomu ya kuomba tovuti ipangiwe kundi upya. Wakati mnasubiri, mwambie mtu wa IT aiweke kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Kwangu ni kazi ya dakika tano.

Tatizo lenyewe ni la zamani. 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walikataliwa na AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kufungua akaunti kwa kuwa ndani ya jina la mji wao mna tusi la herufi nne. 2020 wataalamu wa visukuku walifanya mkutano mtandaoni, kichujio kikawakatalia kuandika "bone", yaani mfupa. Watu ambao kazi yao ni mifupa!

Mjuba_wa_Kigamboni
Dakika tano? Ofisini kwetu tiketi ya IT inajibiwa ukishastaafu. Nunua bando lako, angalia jogoo wako kwenye simu.

Mwalimu_wa_Mchicha
Kiswahili nacho hakijapona. Tuna jarida dogo la bustani za nyumbani, tunalituma kwa barua pepe. Toleo moja likarudi kwa wote wenye anwani za ofisi fulani. Siku mbili tunahangaika. Kumbe ni kichwa cha habari, "Mama analima kwenye viroba". Chukua herufi nne za mwanzo za "analima" uzisome kwa Kiingereza. Na analala, analipa, analea, zote zimo. Siku hizi tunaandika "hulima".

Nyuzi_na_Ndoano
Uuuwi! Analea!

Bosi_Mstaafu
Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. "Hulima" ni mazoea, "analima" ni sasa hivi, jembe liko mkononi. Msikipinde Kiswahili kwa sababu ya mashine isiyokijua.

Mwalimu_wa_Mchicha
Mzee, nalijua hilo, nimelifundisha miaka 19. Lakini jarida lisipofika, hakuna wa kulisoma kwa njeo yoyote.

Bosi_Mstaafu
Sawa. Ila nimerudi kwa ajili ya Ndege_wa_Pwani, hadithi yake imenikosesha usingizi wa mchana. Mwanangu, nimekaa utawala muda mrefu. Karatasi ikishapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya faili, haing'olewi, usiwaombe waing'oe. Omba barua ya pili inayofuta ile ya kwanza, itaje namba yake ya kumbukumbu na tarehe, ieleze wazi kuwa kilichofunguliwa ni taarifa za ndege. Iwekwe juu yake kwenye faili. Ambatisha na picha. Radhi ya mdomo haisomwi na bosi ajaye.

Ndege_wa_Pwani
Mzee wangu, shikamoo. Hili hakuna aliyeniambia. Naiandika leo usiku.

Bosi_Mstaafu
Marahaba. Nitumie rasimu nikupitishie jicho.

Waya_Mwekundu
Na mwambie kijana wenu wa IT atie saini naye, kwamba kichujio ndicho kilichokosea.

Mfuga_Kuchi
Mrejesho. Nimemtafuta yule binti, nikamwonyesha jogoo wangu kwenye simu na nikamweleza lile neno. Ameniambia babu yake Mwanza anao Kuchi, akaniuliza kama nauza mayai ya kutotolesha. Daftari nimelisaini. Tovuti bado nyekundu, tiketi nimeiandika saa nane na nusu.