Mzazi na mtoto kwenye C++: unique_ptr, shared_ptr au namba tu?

Kivuko07
Wakuu, salama? Naandika programu ya kupanga bidhaa za duka, C++17. Kategoria ina kategoria ndogo ndani yake, na kila moja lazima imjue mzazi wake, maana juu ya skrini naonyesha njia nzima: Vinywaji > Soda > Chupa ndogo. Nimebaki na njia mbili: shared_ptr (pointa ya umiliki wa pamoja, inayohesabu wanaokishika kitu) pande zote, au unique_ptr (pointa ya mmiliki mmoja tu) kushuka na pointa ya kawaida (anwani tu, haimiliki) kupanda. Mnatumia ipi?

Fundi_Saa
Ya kwanza itupe leo leo. Mzazi anamshika mtoto, mtoto anamshika mzazi, hesabu ya wanaoshika haifiki sifuri. Jaribu: tengeneza mzazi, mpe mtoto mmoja, kisha chapisha `mzazi.use_count()`. Itatoa 2, na wewe una pointa moja tu mkononi. Ukitoka kwenye bloku inashuka hadi 1 na kugandia hapo. Destrakta (kazi inayoitwa kitu kinapofutwa) haiitwi kamwe. Programu haianguki wala hailalamiki, memori tu ndiyo inaliwa polepole.

Bi_Mkondo
Kwa mti wa aina hii mimi ni ya pili, bila kusita:

```
struct Kategoria {
  std::string jina;
  Kategoria* mzazi = nullptr;
  std::vector<std::unique_ptr<Kategoria>> watoto;
  Kategoria() = default;
  Kategoria(Kategoria&&) = delete;
};
```

Mzazi ndiye mwenye mali. Akifutwa anaondoka na watoto wake, kwa hiyo hakuna mtoto anayebaki akielekeza kwa marehemu.

Mstari wa `= delete`, unaokataza kuhamisha, msiudharau. Usipouweka, mtu anaweza kuhamisha kategoria ya juu kwa `std::move`, watoto wakaenda nayo huku `mzazi` wao bado ni anwani ya zamani. Ndiyo sababu pia siweki `std::vector<Kategoria>` bila unique_ptr: vekta ikijaa inahamia sehemu nyingine ya memori pamoja na vilivyomo, na wajukuu wote wanabaki wakielekeza kusikokuwa na mtu. Kwako inafanya kazi vizuri, kwa mteja inaanguka. Washa `-fsanitize=address` mapema, ile swichi ya kompaila inayonasa makosa ya memori.

chumvi64
Dada Bi_Mkondo kasema kweli kwa mti wenyewe. Ila je, dirisha la kuhariri Soda likiwa wazi na mtu akaifuta Soda upande wa pili? Pointa ya kawaida haijui kitu. Hapo ndipo weak_ptr (inaangalia kitu cha shared_ptr bila kukimiliki) inapolipa: unaita `lock()`, ukipata tupu unafunga dirisha.

Bei yake ni kwamba watoto nao inabidi wawe shared_ptr. Kwenye mashine ya biti 64, shared_ptr kwa kawaida ni baiti 16, pointa ya kawaida ni 8. Na ukitumia make_shared (kitu na hesabu yake kwenye kipande kimoja cha memori), destrakta inaitwa kwa wakati lakini memori hairudishwi mpaka weak_ptr ya mwisho iondoke. Halafu usiite `shared_from_this()` (kitu kujipatia shared_ptr yake chenyewe) ndani ya konstrakta, yaani kikiwa bado kinatengenezwa, itakurushia kosa la bad_weak_ptr.

Nahodha_wa_Zamani
Mnajisumbua bure. Vekta moja, mzazi ni namba ya nafasi, -1 ni wa juu kabisa. Inaingia moja kwa moja kwenye safu ya mzazi_id ya hifadhidata ya SQLite.

Bi_Mkondo
Kusoma, sawa mkuu. Kufuta je? Ukiipa nafasi ya 7 kategoria mpya, aliyeikariri 7 ya zamani anapata bidhaa za watu wengine. Itabidi uongeze namba ya kizazi (inapanda kila nafasi ikitumika upya) kwa kila nafasi, na hapo urahisi umeshapungua.

Kivuko07
Nashukuru wote. Nachukua ya Bi_Mkondo, na dirisha nalipatia kitambulisho cha hifadhidata badala ya pointa, litafute lenyewe. Sasa kuhamisha Soda kutoka Vinywaji kwenda Ofa?

Bi_Mkondo
Toa unique_ptr kwa `std::move`, ifute ile nafasi tupu iliyobaki kwa Vinywaji, badili `mzazi`, isukume kwa Ofa. Anwani ya Soda haibadiliki, watoto wake huwagusi. Kabla ya hapo anza kwa mzazi mpya upande juu mpaka nullptr (pointa tupu, hakuna mzazi tena). Ukikutana na Soda njiani, kataa. Vinginevyo Soda itakuwa ndani ya mjukuu wake, tawi zima limejimiliki, na umerudi kwenye duara la Fundi_Saa bila hata shared_ptr moja.