Msaidizi wa mwanafunzi mwenye usonji akae karibu naye kiasi gani?

Msaidizi_Mpya
Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Nina stashahada ya ualimu wa shule za msingi, na shule moja ya binafsi hapa Dar es Salaam imenipa kazi ya kumsaidia mwanafunzi wa darasa la tatu mwenye usonji. Mtoto anasoma vizuri, lakini kelele humsumbua, na ratiba ikibadilika ghafla hugoma kufanya lolote. Mama yake anataka nikae ubavuni pake muda wote, ilhali mwalimu wa darasa angependa nimtoe nje kila anapoanza kuhangaika. Nimfuate nani? Na nikitaka kusomea elimu maalumu, niende wapi?

Mwalimu_Mstaafu
Hongera, mwanangu. Dhamana ya kumfundisha inabaki kwa mwalimu wa darasa. Wewe unamwezesha mtoto kumfikia mwalimu huyo. Kaa hatua chache nyuma yake, na agizo linapotolewa mpe muda wa kulichakata kabla hujalirudia, kwa maana wengi wao huchelewa kujibu ingawa wameelewa, na sauti ya pili inayoingilia kati huwalazimu kuanza upya. Mchoree ratiba ya siku kwa picha, na panapokuwa na badiliko mwonyeshe mapema. Kelele itafutie chanzo, kwani mara nyingi ni viti vinavyoburutwa sakafuni, na kumhamisha dawati kunaweza kutosha. Kutoka nje kuwepo, ila awe na kadi ya kuomba mwenyewe kabla hajazidiwa, na arudi kuimalizia kazi aliyoiacha. Vinginevyo atajifunza kwamba kuhangaika ndiyo njia ya kuikwepa hesabu.

Kuhusu masomo, Chuo cha Ualimu Patandi kilichoko Arusha huandaa walimu wa elimu maalumu, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa shahada ya fani hiyo.

Mdau_Leicester
Naongezea jambo moja, Mwalimu, kwa ruhusa yako. Huku England wasaidizi wa namna hii ni wengi, na wapo pia walezi wa masomo (learning mentors), yaani watu wanaomsaidia mwanafunzi kuvuka vikwazo vya kujifunza, ambao serikali iliwaingiza katika shule za mijini kuanzia 1999. Utafiti mkubwa uliofanyika England na Wales kati ya 2003 na 2008 ulibaini kwamba wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali inayofanana nao. Sababu iliyotajwa haikuwa uvivu wa wasaidizi, bali ni kwamba mtoto alitenganishwa na mwalimu wake, na msaidizi alijali zaidi kazi ikamilike kuliko ieleweke. Mama huyo mweleze hivyo kwa upole, kwa sababu hofu yake ni ya haki.

Mama_wa_Mbezi
Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye usonji, nami pia nilikuwa nikidai msaidizi asibanduke. Kilichonituliza ni daftari dogo la kila siku lenye mistari mitatu tu: alichofanya peke yake, kilichomsumbua, na alicheza na nani wakati wa mapumziko. Halafu, mdogo wangu, kabla hujaanza ulizia anayekulipa ni shule au mzazi, na mkataba uandikwe, maana anayelipa ndiye atakayetaka kukuagiza, na maagizo yanayopingana humchanganya mtoto kabla hayajakuchanganya wewe.