Wanafunzi 40, mipira mitano: nianze na nini kabla ya kuwagawa netiboli, kikapu na mpira wa mikono?

Mwl_Kipenga

Habari za jioni walimu na makocha. Nina wanafunzi 40 wa darasa la tano, wavulana kwa wasichana, kipindi cha dakika 40 mara mbili kwa wiki. Baada ya wiki sita watagawanywa: wengine netiboli, wengine mpira wa mikono, wachache kikapu, kujiandaa na mchujo wa UMITASHUMTA (mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania). Mipira ni mitano tu: miwili ya netiboli namba 5, miwili ya kikapu namba 7, na mmoja wa mikono namba 1. Uwanja ni wa udongo, hauna mistari.

Ninachokiona: mpira ukija wanafumba macho, wakishadaka wanaongeza hatua, na mwenye mpira akibanwa wenzake wote wanamkimbilia. Nianze na lipi, ili limfae mtoto popote atakapopangwa?

Kocha_wa_Pete

Mwalimu, anza na miguu, mikono ifuate. Sababu ni sheria zenyewe. Netiboli ndiyo kali kuliko zote: mguu uliotangulia kutua ukishainuliwa hauruhusiwi kukanyaga tena kabla mpira haujatoka mkononi, na mpira lazima utoke ndani ya sekunde 3. Mpira wa mikono unampa hatua 3. Kwenye kikapu, anayepokea akiwa mbioni ana hatua mbili. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kusimama kinetiboli yuko salama kote. Aliyezoea hatua tatu, siku akiingia netiboli filimbi haitanyamaza.

Zoezi halihitaji mpira. Wakimbie taratibu, ukipiga kofi waruke kidogo na kutua kwa hesabu, "moja, mbili", mguu mmoja baada ya mwingine, upana wa mabega, magoti yamekunjwa. Mguu wa "moja" uite msumari. Msumari hauondoki, ule mwingine ndio unaotembea kuuzunguka. Azunguke kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kikiwa kimeinuka kidogo, la sivyo goti linajipinda. Siku moja msumari uwe kushoto, siku nyingine kulia.

Uwanja wa udongo hapa ni faida. Mpe kila mtoto mwenzake wa kukagua vumbi: msumari ukizunguka vizuri unaacha kiduara kidogo, ukiburuzwa unaacha mstari. Mtoto akiuona mstari wake mwenyewe habishani.

Hatua za ziada mara nyingi si kutojua sheria. Anadaka magoti yakiwa yamenyooka, kifua kimetangulia vidole vya miguu, anapepesuka, na miguu inamfuata ili asianguke. Kumpigia filimbi hakumsaidii. Mwambie ashushe makalio kabla ya kutua.

Dada_Golini

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila dakika zisizo na mpira zisizidi tano. Watoto wa umri huo wanachoka haraka kucheza na hewa.

Kuhusu kufumba macho, kwanza weka kando mipira ya kikapu namba 7. Ni zaidi ya nusu kilo, na mtoto wa miaka kumi anaogopa kwa haki. Namba 1 ya mikono ina mzunguko wa sm 50 hadi 52 na uzito wa gramu 290 hadi 330. Huo ndio ukubwa wa kuiga. Tengenezeni chandimu: mifuko na matambara yaliyoshindiliwa, yakafungwa kwa kamba ya katani kuelekea pande zote, kisha mpime kwenye mizani ya duka hadi ifike gramu 300 hivi. Haidundi, lakini kwa kurusha na kudaka inatosha kabisa. Saba za hivyo pamoja na mipira mitatu iliyobaki, kila watoto wanne wana mpira wao.

Kudaka: mpira wa juu ya kiuno, vidole vielekee juu, vimetanuliwa, gumba mbili zikaribiane nyuma ya mpira. Mpira wa chini ya kiuno, geuza, vidole vya mwisho ndivyo vikaribiane. Viwiko vikunjwe kidogo, na mpira ukigusa vidole mikono irudi nao kifuani. Kosa linaloumiza ni kuunyooshea mpira vidole kama mkuki. Ncha ndiyo inapokea kishindo chote na kidole kinateguka.

Waanze mita 2, mrusho wa chini kwa mikono miwili, na mdakaji ataje kwa sauti rangi ya tambara au kamba anayoiona juu ya mpira. Hawezi kuitaja akiwa amefumba macho. Akidaka mara 8 katika 10, ongeza umbali hadi mita 3, kisha 4.

Kwa pasi ya bega, mguu wa mbele uwe kinyume na mkono unaorusha. Mkono wa kulia ukitoka pamoja na mguu wa kulia kiwiliwili hakizunguki, mpira unakosa nguvu na kupotea pembeni.

Mkabaji_Huru

Hilo la kumkimbilia mwenye mpira lina dawa yake, na ndilo nalolipenda kuliko yote kwa sababu linafaa hadi kwenye soka.

Chora mraba wa mita 6 kwa 6, kona ziwe namba 1, 2, 3, 4 kwa mzunguko. Watatu wana mpira, mmoja anakaba katikati. Watatu wanakaa kwenye kona, hivyo kila mara kona moja iko tupu. Kanuni: mwenye mpira awe na mwenzake kona ya kushoto kwake na kona ya kulia kwake. Ile ya mkabala ndiyo ibaki tupu, maana pasi ya kwenda huko inapita juu ya mkabaji.

Mfano, mpira uko 1, wenzake wako 2 na 4. Pasi ikienda 2, aliyetoa anabaki 1, na wa kona 4 anakimbilia 3. Anayehama ni yule ambaye hakutoa wala hakupokea. Hapo ndipo patakapokusumbua wiki ya kwanza, maana huyo anajiona hahusiki na anasimama kuangalia. Mwite kwa jina kabla pasi haijatoka, wala usingoje ifike.

Pasi tano mfululizo ni pointi moja. Hakuna kudunda mpira, sekunde 3 kila mmoja. Mkabaji abadilishwe kila dakika 2, na asimame umbali wa sm 90 kutoka kwa mwenye mpira, kama netiboli inavyodai.

Mwl_Kipenga

Asanteni sana. Swali la nyongeza: nikiweka mkabaji, wanarusha mpira juu sana kumvuka, na mdakaji anaungoja hadi mkabaji amfikie.

Mkabaji_Huru

Mwalimu, weka sheria kwamba mpira ukipita juu ya kichwa cha mkabaji ni wa mkabaji. Watalazimika kumpitia pembeni. Kisha wafundishe kumdanganya: mwenye mpira aushushe usawa wa goti, mkabaji akiinama apasie pembeni yake, usawa wa bega. Ishara iwe ya mikono yote na macho, si kutikisa kidogo tu, na apumzike kidogo kati ya ishara na pasi ili mkabaji apate muda wa kudanganyika.

Dada_Golini

Na mdakaji asiungoje mpira, aufuate. Chora mstari hatua moja mbele ya kila kona. Mpira udakwe akiwa ameshauvuka mstari, anatua "moja, mbili", na msumari uko chini.