Hanimuni iliyochelewa ukaiunganisha na safari ya kikazi, tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Nimeona nilete hii maana najua tuko wengi ila hatusemi. Mnaoana, wiki moja baadaye likizo imeisha, fungate inakuwa ni "tutaenda mwezi ujao", mwezi ujao unakuja na mimba, halafu ada, halafu mgonjwa, unakuja kushtuka miaka sita imekatika na hamjawahi kulala hotelini wawili bila kuwa kwenye harusi au msiba wa mtu. Siku moja ofisi inakwambia unaenda nje siku nne, chumba juu yao. Hapo hapo shetani wa kubana matumizi anakunong'oneza, si umchukue na mama watoto, chumba si kimeshalipiwa?

Naanza na yangu. Semina ilikuwa Paris, Jumatano hadi Jumamosi. Nikajifanya nina akili, tukafika Jumatatu usiku ili Jumanne iwe siku yetu. Asubuhi tukanyooka makumbusho ya Louvre, mke wangu kapendeza, kavaa na viatu vipya, tunafika kwenye ile piramidi ya vioo tunakuta watu wanapiga picha nje tu, hakuna anayeingia. Kumbe Louvre Jumanne wanafunga. Sikuangalia. Na msidhani yote yanafunga siku moja, makumbusho ya Orsay wao wanafunga Jumatatu, kila mmoja na siku yake.

Ila hiyo tulicheka. Iliyoniumiza ni Alhamisi. Orsay Alhamisi wanachelewa kufunga, hadi karibu saa nne usiku, wife ndo aliyeligundua hilo akaniambia basi ukitoka semina tukutane mlangoni saa kumi na mbili. Nikasema sawa. Jioni wenyeji wetu wakatubeba wote kwenda kula, stori za kazi, simu iko sailensi, mimi nimesahau kabisa kama nina mke kwenye huo mji. Narudi saa nne na nusu namkuta amekaa pembeni ya kitanda, miguu kaiweka juu ya taulo, visigino vimechubuka, anapanga sarafu za euro kwa ukubwa kwenye shuka. Hajaniuliza nilikuwa wapi. Akanipa simu yake niangalie picha, yuko mbele ya ile saa kubwa ya Orsay (lile jengo zamani lilikuwa stesheni ya treni), picha kapigwa na mtu asiyemjua. Angegomba ningejua pa kuanzia.

Jumamosi usiku nikampeleka Eiffel. Giza likiingia ule mnara unametameta kila saa inapogonga, dakika tano, unazima. Kwa hiyo mkiniuliza hanimuni yangu ilikuwa ya muda gani nitawajibu dakika tano.

Karibuni. Mlioenda, ilikuwaje? Viza, tiketi, ugomvi, chochote, maana nimepata safari nyingine na safari hii sitaki kuharibu.

*

Mkuu yaani ulimtelekeza mtoto wa watu stesheni 😂

*

Kwangu ilikuwa kinyume, mwenye safari ni mimi, mume ndo mfuataji. Ofisini walinitania sana eti nimebeba bodigadi. Kongamano lilikuwa Geneva, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kitu kizuri cha Geneva, ukilala hotelini wanakupa kadi ya usafiri wa umma bure kwa siku zote ulizolala, basi, tramu, hadi vile viboti vidogo vya kuvuka ziwa. Sasa mpe mwanaume asiye na kazi kadi ya bure uone. Mpaka Jumatano alikuwa anajua namba za tramu kuliko simu ya mama yake, kila jioni ananisubiri nje ya ukumbi ananiambia leo nimekupatia njia mpya. Kwenye hilo mleta mada sina malalamiko, mwenye kufuata akiwa na shughuli zake mwenye kazi anapumua.

Balaa letu lilikuwa viza. Mimi niliomba na barua ya mwaliko ya kongamano basi, sikutaja kabisa kwamba tunaongeza siku. Mume akaomba kama mtalii na hoteli za wiki mbili. Viza zikatoka, tukaangalia tarehe ya mwisho, zote ziko mbele huko, tukashangilia. Mpango ulikuwa kazi ikiisha tunaenda Montreux tukae siku tano, hiyo ndo fungate yenyewe, tumeshalipia.

Ijumaa mchana mume yuko hotelini anapanga paspoti ananipigia, "wewe hapa pameandikwa saba, hii saba ni ya nini?" Jamani ile stika ina tarehe ya kuanza na ya mwisho, halafu ina sehemu ya IDADI YA SIKU za kukaa, na hiyo namba ndo bosi. Tarehe huwa wanakuachia nafasi kidogo ndege ikisogea, ila siku zako ni hizo hizo, na siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Niliingia Jumapili. Piga hesabu, natakiwa nitoke Jumamosi, yaani kesho yake. Mume wangu yeye ana kumi na nne.

Tulipanda treni jioni ile ile, Montreux ni kama saa moja tu, tukalala usiku mmoja, asubuhi tukakimbilia ngome ya Chillon, imejengwa juu ya mwamba ndani ya ziwa, maji yanagonga ukuta chini ya dirisha. Nilikaa pale dirishani nikalia kidogo kusema kweli. Mume akasema taratibu, "mimi lakini siku zangu bado zipo." Nikamtazama tu. Akabadilisha tiketi na yeye.

*

Dada pole, ila hilo ni somo kwa wote. Ukiwa unaomba Schengen (ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) sema ukweli wote, kazi tarehe fulani hadi fulani, baada ya hapo mapumziko na mwenza, weka na hoteli ya hizo siku, weka na barua ya ofisi inayosema likizo imeruhusiwa. Hakuna dhambi kuchanganya, dhambi ni kuficha. Na maombi unaruhusiwa kupeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku kumi na tano kabla, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana. Unaomba kwa nchi mtakayokaa sana, sio yenye foleni fupi. Kwa Marekani mara nyingi wanakupa viza ya B1/B2 kwa pamoja, ya biashara na ya matembezi, hapo kichwa hakiumi sana.

Kingine ambacho watu hawakigusi ni BIMA. Ya ofisi inakulinda wewe, kwa siku za kazi. Mwenza hayumo. Na ukimaliza kazi ukaongeza siku zako, na wewe mara nyingi haumo. Mimi niliteguka kifundo cha mguu siku ya pili baada ya kazi kuisha, nashuka ngazi namwangalia mke wangu badala ya ngazi 😅 nikapiga simu kwa bima ya ofisi nikaulizwa swali moja tu, leo uko kazini? Kimya. Aliyekuwa na bima ni wife, maana yeye alinunua ya kwake kwa ajili ya viza, wanataka ya angalau euro 30,000. Nikalipa mwenyewe huku yeye mwenye bima mzima kabisa ananishikia begi.

*

Hii ya tiketi sijui kama kuna aliyewahi. Mume wangu kazi ilikuwa Berlin, tiketi ya kurudi ya ofisi inaunganisha Istanbul. Tukasema ah, si mnapita pale pale, ushuke, mimi nakata yangu tukutane Istanbul tukae siku nne, halafu wewe unamalizia kipande chako kurudi. Viza za Uturuki zote tunazo. Kwenye karatasi ilikuwa plani tamu sana.

Akashuka, akapita uhamiaji, akaja kunikumbatia, tukasimama kwenye mkanda wa mabegi. Tukasimama. Tukasimama. Begi lilikuwa limeandikiwa mpaka mwisho wa safari. Na kwa kuwa hakupanda ndege ya pili wakalishusha, maana hawaondoki na begi la abiria ambaye hayumo, likaingia huko wanakojua wenyewe, tulilipata siku ya tatu. Na kile kipande cha tiketi? Ukiruka kipande kimoja, vinavyofuata vinafutwa. Vyote. Kosa letu wenyewe, simlaumu mtu, hatukuuliza. Kumbe unatakiwa useme tangu tiketi inakatwa kwamba nitasimama hapa siku kadhaa, wanakuandikia hivyo na mzigo wanaushushia hapo.

Na ilikuwa Jumapili, tukasema tukimbie Soko Kuu lile la kale tumtafutie hata shati, Jumapili limefungwa. Mleta mada umeona, sio wewe peke yako na Louvre yako. Kwa hiyo picha zote za siku mbili za mwanzo mume wangu kavaa suti. Kwenye feri ya kwenda Kadıköy, suti. Ile feri nawashauri, dakika kama ishirini umetoka Ulaya uko Asia, ndege wa baharini wanawafuata pembeni, watu wanawarushia mkate, na katikati yao mume wangu na tai kama wakala wa bima. Hiyo picha ndo iko sebuleni.

*

Mimi nasimama upande wa pili. Kazi ni kazi, hanimuni ni hanimuni. Chumba cha ofisi, kitanda cha ofisi, mnashuka asubuhi kunywa chai mnakutana na bosi wako na yeye anamsalimia mkeo "shemeji umekuja kututembelea", hiyo ni fungate au ni ukaguzi? Nilifanya mara moja, sirudii, afadhali kusubiri miaka mingine miwili. Samahanini kama nimewaharibia.

*

Mkuu hapo juu nakuelewa ila kuna namna. Sisi ilikuwa Japani, mikutano yangu iko Osaka. Kitu cha kwanza nilikataa hoteli ya ofisi, nikawaomba wanipe hela ile ile nijitafutie, tukalala Kyoto, karibu na hekalu la Fushimi Inari. Kyoto na Osaka ni jirani, watu wanaenda na kurudi kila siku kwa treni.

Halafu ikatukuta ile ya mwili kutojua saa. Saa tisa usiku wote wawili macho makavu tunaangalia dari. Siku ya kwanza tulikasirika. Siku ya pili wife akasema kwani hekalu linafunguliwa saa ngapi, kuangalia, halifungwi, usiku na mchana wazi, na hakuna kiingilio. Tukavaa tukatoka.

Ule mlima una njia imepangwa mageti mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa maelfu kwa maelfu, yamebanana mpaka ni kama unatembea ndani ya handaki. Mchana nasikia hapapitiki kwa watu. Saa kumi na nusu alfajiri tulikuwa sisi, taa chache, na sanamu za mbweha wenye vitambaa vyekundu shingoni. Mke wangu ni mtu wa kuongea, lakini pale alinyamaza akanishika mkono wa koti, sio mkono, koti, kama mtoto. Tukapanda mpaka pale katikati unapoona mji wote chini unaanza kupata mwanga. Wakati wa kushuka ndo tukaona nguzo za mageti nyuma zimeandikwa, majina ya waliochangia. Kupanda huoni maandishi hata moja, unayaona ukigeuka.

Saa mbili na nusu nilikuwa Osaka kwenye kiti changu, nimeoga. Tukafanya hivyo asubuhi nne, alfajiri yake, mchana wa ofisi, na saa mbili usiku tumelala kama kuku. Wenzangu walikuwa wananiita jioni twende tukale nawaambia nimechoka na safari. Sikuwadanganya.

*

Sasa wewe wa Kyoto umetuharibia wote maana wife ameisoma hiyo na sasa hivi ananiangalia.

*

Mleta mada nimerudi. Nimesoma zote na mke wangu kazisoma pembeni yangu. Ana masahihisho. Kwanza anasema hakunisubiri saa kumi na mbili, alifika kumi na moja na nusu. Pili anasema nimeficha kwamba kwenye boti ya mto Seine nililala usingizi nikakoroma mpaka Mjapani mmoja akahama kiti. Ni kweli.

Safari inayokuja ni Lisbon, kazi siku tatu. Tumekubaliana kazi itangulie, zetu zije baada, hoteli nyingine, na ratiba anashika yeye. Barua ya likizo nimeandika leo na siku zote nimezitaja, za kazi na zetu. Kabla sijafunga laptopu ameniuliza Lisbon makumbusho yanafungwa siku gani, nikajibu nitaangalia, akasema usiangalie, ameshaangalia, mengi ni Jumatatu.

Dada wa Istanbul, ile picha ya suti tuwekee basi.