Gundi ya sakafu ya mbao juu ya zege na vigae

Swali: Ndugu mafundi, chumba kimoja kina zege jipya na kingine kina vigae vya zamani. Je, gundi ileile ya mbao itafaa kote?

Jibu la kwanza: Gundi ya poliurethani inayonyumbuka hushika kote, ila zege jipya ndilo linalonitia hofu, kwa kuwa unyevu uliofichika ndani yake hupanda polepole hadi mbao zikavimba na kubanduka. Funika sehemu yake kwa nailoni iliyozibwa kingo zote kwa saa 24. Ukikuta matone chini yake, subiri.

Jibu la pili: Naafiki. Vigae navyo visuguliwe kwa msasa hadi mng'ao uishe, na vilivyolegea ving'olewe.

Muulizaji: Ahsanteni. Je, niache nafasi ukutani?

Jibu la kwanza: Naam, milimita 10 hivi, mbao zipate pa kutanukia.