Fremu ya kidijitali kwa zawadi: Wi-Fi, memori kadi au tableti?

Mtafutaji
Wakuu, zawadi ni ya mzee asiyetaka kusumbuliwa na mambo ya simu. Wajukuu wako mbali. Nichukue fremu (skrini ndogo ya kuonyesha picha) ya Wi-Fi, ya memori kadi, au nimpe tableti ya zamani?

Jicho_Kali
Tableti achana nayo. Ikishinda na kulala kwenye chaja, betri hukaa imejaa na yenye joto, mwisho inaweza kuvimba mpaka kioo kikainuka. Fremu nyingi hazina betri kabisa, kwa hiyo pima kwanza umbali kutoka soketi hadi mahali itakapowekwa.

Binti_Pikseli
Kama kwa mzee kuna intaneti ya uhakika, Wi-Fi. Wajukuu wanatuma, yeye hagusi kitu. Ila uliza picha zinakaa wapi. Zikiwa kwenye seva ya kampuni tu, siku huduma ikifungwa umebaki na kioo kitupu. Angalia na masafa ya Wi-Fi pia: nyingi hushika 2.4 GHz tu, ruta iliyowekwa 5 GHz peke yake haziioni.

Kadi_Mbili
Msiidharau kadi, hasa pasipo na intaneti. Tumia ya GB 32, ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32; kubwa zaidi huja na mfumo wa exFAT, na fremu nyingi za bei ya chini haziisomi. Picha za iPhone mara nyingi ni faili za aina ya HEIC: zigeuze JPEG, la sivyo fremu inaziruka kimyakimya. Punguza upande mrefu uwe pikseli 1,280, maana skrini ya 1280×800 haina pa kuweka zaidi, na picha ya megapikseli 12 huifanya isuesue kila inapobadilisha. Za wima zizungushe kwenye kompyuta kisha uzihifadhi upya. Usipofanya hivyo, kuna fremu zitamwonyesha mjukuu kalala ubavu.

Jicho_Kali
Na skrini iwe ya aina ya IPS, mzee aone hata akiwa kakaa pembeni. Picha za simu kwa kawaida ni 4:3 (upana kwa kimo). Kwenye skrini ya 16:10 ukichagua "jaza skrini", moja ya sita ya kimo inakatwa. Ndiyo maana vichwa vya watu hukatwa. Chagua "onyesha yote", hiyo mistari myeusi pembeni haina neno.

Mtafutaji
Basi Wi-Fi. Shida ni kwamba sitakuwepo siku ya kuifungua.

Binti_Pikseli
Iandae kabla hujaifunga. Pata jina na nywila ya Wi-Fi ya huko, herufi kubwa na ndogo kama zilivyo. Hotspoti ya simu yako ipe jina hilohilo na nywila hiyohiyo, kwenye 2.4 GHz, na usalama uleule (WPA2, kwa mfano). Unganisha fremu, acha isasishe programu yake, waunganishe wajukuu kwa msimbo wake, tia picha 50 hivi. Ikichomekwa kwa mzee itajiunga yenyewe. Weka pia saa ya kujizima usiku, na video uzitoe sauti.

Kadi_Mbili
Majira ya saa uweke ya kwa mzee, mkuu, si ya kwako. Vinginevyo itajizima mchana.