Mzee alipata kiharusi, alama za mkono zimepanda 2 tu. Tuendelee na fizio?

Kijana_wa_Mzee: Wakuu salaam. Mzee wangu alipata kiharusi mwaka jana, kimemkamata upande wa kulia. Kutembea anatembea na fimbo, shida imebaki mkono. Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) humpima kwa kumshikisha vipande vya mbao na goroli, na kumiminisha maji toka glasi moja kwenda nyingine. Mwanzo alipata 31 kati ya 57, juzi 33. Ndugu wanasema tunachoma hela. Na nyumbani mkono wenyewe hautumii, hata kikombe anashika kwa kushoto. Naombeni ushauri.

Mtu_Mzima: Achana na goroli. Mtafutie mchuaji na mafuta ya nyonyo.

Fizio_Mstaafu: Kuchua hakumfundishi mtu kushika kijiko, mkuu.

Mleta uzi, hicho kipimo kinaitwa ARAT. Kina vipengele 19, kila kimoja alama 0 hadi 3: 0 hawezi kabisa, 1 anaanza ila hamalizi, 2 anamaliza kwa taabu au anachukua muda mrefu mno, 3 yuko sawa. Kwa mgonjwa wa muda mrefu, mabadiliko ya maana ni karibu alama 6. Hizo 2 huenda siku hiyo aliamka vizuri tu, kwa hiyo msizishangilie wala msizililie.

Jumla haisemi mengi. Omba karatasi yenyewe uone alama zimekaa wapi. Kama mbao kubwa anazibeba na goroli zinamshinda, tatizo ni dole gumba na vidole. Hapo kumnyanyulisha mkono juu kila asubuhi ni kumchosha bure.

Halafu, kuweza na kutumia ni mambo mawili. Nani anamfunga vifungo vya shati?

Mama_Wawili: Mpimeni na hisia pia. Afumbe macho, umwekee sarafu kiganjani, aseme ni nini. Mama yangu alikuwa na nguvu za kushika ila vitu vinamponyoka kwa sababu havisikii. Na msimwinue kwa kumvuta huo mkono, mtamuumiza bega.

Kijana_wa_Mzee: Asanteni. Karatasi nimeipata. Mbao karibu zote 3, goroli ni 0 tupu, isipokuwa moja kapata 1. Vifungo anafungwa na mama.

Fizio_Mstaafu: Umeona sasa. Msiache, ila mwambie fizio wako ahamie kwenye vidole. Muulize pia kuhusu kuvalisha mkono wa kushoto, ulio mzima, glovu nene ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Haimfai kila mtu, lazima awe anaweza kukunjua vidole na kifundo cha mkono mgonjwa japo kidogo. Na vifungo ajifunge mwenyewe.

Kijana_wa_Mzee: Nimemwambia mama. Kanijibu mzee atachelewa swala.

Mama_Wawili: Aanze kuvaa mapema basi 😂